Seti za kuzalishia zinatoka kwenye otoklevu zikiwa zimelowa na mikasi inashika kutu: tunakosea wapi?

Mkunga wa Ukerewe ameuliza:

Habari za kazi, wadau. Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati iliyo kando ya ziwa, upande wa visiwa vya Ukerewe, na ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo limeninyima raha kwa wiki kadhaa sasa.

Tuna seti nne za kuzalishia. Kila seti ina mkasi wa kukatia kitovu, koleo mbili za kubania, bakuli na vitambaa. Mama akishajifungua, vifaa hutiwa kwenye ndoo yenye jiki, na kama amejifungua usiku, mara nyingi hubaki humo hadi asubuhi mhudumu anapofika. Baada ya hapo huoshwa kwa sabuni, husuuzwa kwa maji tuliyochota ziwani, hupangwa vyote kwenye dramu moja (lile kopo la chuma lenye mfuniko) na kuingizwa kwenye otoklevu yetu, yaani mashine ya kutakasa vifaa, kuua vijidudu vyote kwa mvuke, ambayo ni ile ya mfano wa sufuria ya presha inayowekwa juu ya jiko la gesi. Tunasubiri mshale wa kipimo cha mgandamizo ufike 15, tunahesabu dakika 30, kisha tunazima na kutoa dramu.

Mikasi yetu imeanza kuwa na vitundu vidogo vya kutu, na miwili haikati tena sawasawa. Vitambaa hutoka vimelowa, hata ukivikamua unapata tone. Tepu ya kiashirio tunayobandika nje, hata hivyo, huwa imebadilika na kuwa na mistari myeusi, kwa hiyo wenzangu husema kazi imekamilika. Gesi ikituishia na boti haijaleta mtungi mwingine, tunachemsha vifaa kwa dakika 20, na mwenzangu mmoja anaamini kwamba huko ni sawa na otoklevu.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Mwezi uliopita, usiku, nilifungua seti huku mama akiwa tayari amepanda kitandani. Nilipoufungua mkasi niliona kitu cha rangi ya kahawia pale kwenye kiungo, karibu na parafujo. Nilimwita mwenzangu, tukaumulika kwa tochi ya simu, tukakuta ni damu iliyokauka. Tepu ya seti ile ilikuwa imebadilika rangi vizuri kabisa. Tulifungua seti nyingine na mama alijifungua salama, lakini tangu siku hiyo siiamini tena tepu, wala siamini kama hatua zetu zote ni sahihi. Naomba mnieleze bila kunihurumia.

Sista Mstaafu, Ilemela amejibu:

Mwanangu, pole na kazi, na hongera kwa kuufungua ule mkasi kabla ya kuutumia, maana wengi hukunjua tu kitambaa na kuendelea.

Nimefanya kazi katika vyumba vya upasuaji na vya kutakasia vifaa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo ambalo nimelirudia kwa wanafunzi kuliko lolote jingine ni kwamba kifaa kichafu hakitakasiki. Damu iliyoganda kwenye kiungo cha mkasi ni kama ganda: mvuke hauwezi kuupenya ule uchafu ipasavyo, na vijidudu vilivyojificha chini yake hupata kinga ambayo dakika 30 zako hazikuihesabu. Kwa hiyo tatizo lako la kwanza halipo kwenye otoklevu, lipo kwenye beseni la kuoshea.

Sasa kuhusu jiki. Wengi wetu tulifundishwa kuloweka vifaa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuviosha, yaani sehemu moja ya jiki ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji. Hizo ni dakika 10, si usiku kucha. Klorini inakula chuma, na vile vitundu unavyoviona ndiyo alama yake. Kila kitundu kitakuwa maficho ya damu ya mama anayefuata, na hakuna brashi itakayofika humo. Mikasi hiyo miwili iondoe kabisa kwenye seti, usiipe kazi nyingine.

Tena, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 kuhusu usafishaji na utakasaji wa vifaa tiba, halipendekezi kabisa kuloweka vifaa kwenye kipukusi, yaani dawa ya kuua vijidudu kama jiki, kabla ya kuvisafisha. Sababu zake ni za kueleweka: dawa huharibu vifaa, damu huipunguzia nguvu dawa yenyewe, na kubeba ndoo yenye maji ya dawa na damu kutoka chumba kimoja hadi kingine ni hatari kwa anayeibeba. Badala yake, vifaa vifunikwe kwa kitambaa kilicholowa maji ya kawaida ili damu isikauke, kisha vioshwe mapema iwezekanavyo. Usitumie maji ya chumvi ya dripu kulowesha hicho kitambaa, kwa sababu nayo yanaleta kutu.

Kuosha nako kuna namna yake. Tumia maji ya baridi au ya uvuguvugu mdogo, kwa kuwa maji ya moto huigandisha damu ikashika zaidi. Fungua kila kiungo. Sugua kifaa kikiwa chini ya maji, si juu yake, ili matone yasirukie usoni. Brashi laini ya mswaki inafika vizuri kwenye meno ya koleo na kuzunguka parafujo. Suuza, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha kitazame kifaa kwenye mwanga kama ulivyofanya kwa ile tochi, ila ufanye hivyo kabla ya kukifunga. Maji ya ziwani yaache yatuame, uyachuje na kuyachemsha kabla ya kuyatumia kwa suuzo la mwisho, hasa miezi ile maji yanapokuwa ya kijani kwa mwani.

Mhudumu wa Magu amejibu:

Shikamoo Sista. Nimesoma kwa heshima, lakini naomba niseme upande wangu, kwa sababu wanaozungumza juu ya vifaa ni wengi na wanaoviosha ni wachache.

Mimi ni mhudumu wa afya. Ndoo ile ndiyo ninayokabidhiwa asubuhi. Miaka iliyopita, katika kituo ambacho sitakitaja, niliingiza mkono kwenye trei ya vifaa vya kushonea na sindano iliyopinda, iliyosahaulika chini ya kitambaa, ikapita kwenye glovu na kunichoma kidole cha shahada. Nilinywa dawa za kinga ya Virusi vya UKIMWI kwa siku 28, na sitasahau nilivyokuwa nikihesabu kila kidonge huku watoto wangu wakiniuliza ninaumwa nini. Kwa hiyo ninaposikia kwamba jiki iondolewe, mimi ninasikia kwamba ulinzi wangu unaondolewa. Ndoo yenye harufu ya jiki inanipa moyo wa kutumbukiza mkono. Kama kuloweka kunaharibu mikasi, mkasi unanunuliwa. Mkono wangu haununuliwi.

Sista Mstaafu, Ilemela amejibu:

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa yaliyokupata. Maneno yako nimeyapokea na sitayapuuza.

Lakini tazama jambo moja katika hadithi yako mwenyewe. Jiki isingeizuia sindano ile kukuchoma. Aliyekukosea ni yule aliyeitumia sindano na kuondoka bila kuitoa kwenye trei. Ncha kali huondolewa na mtu aliyeitumia, papo hapo, kando ya kitanda, na kutupwa kwenye kisanduku cha usalama. Haiachwi kwa mhudumu aje aitafute kwa vidole. Ningekuwa mfawidhi wa kituo chenu, ningekataa kupokea trei yoyote ambayo haijakaguliwa na aliyeitumia, kuliko kuamini harufu ya ndoo. Isitoshe, ndoo ambayo imeshapokea damu ya kina mama watatu tangu jana inanuka dawa bado, ilhali nguvu yake imekwisha.

Ulinzi wako ni glovu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, aproni isiyopitisha maji, kinga ya macho, viatu vilivyofunika miguu, na chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo ni dozi tatu na unapaswa kuipata kama bado. Virusi hivyo vya homa ya ini vinaweza kuishi kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi, na hilo ndilo linalonifanya nisitake damu ikauke popote. Mahali ambapo mwongozo wa kituo bado unaelekeza kuloweka, basi iwe dakika 10 kwa saa ya ukutani, mchanganyiko ubadilishwe kila siku na kila unapochafuka, na vifaa vitoke humo vikasuuzwe mara moja. Mkunga wa zamu ya usiku anaweza kufanya hivyo mwenyewe. Asimwachie mwenzake wa asubuhi.

Fundi Vifaa Tiba, Nyamagana amejibu:

Nimetengeneza otoklevu katika vituo vingi vya Kanda ya Ziwa, na namba 15 uliyoitaja ndiyo iliyonifanya niandike.

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotukandamiza hapa ni pungufu ya ile ya Tanga au Dar es Salaam kwa karibu asilimia 13, ndiyo maana maji yetu huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100. Mshale wa otoklevu hauonyeshi mgandamizo wote uliomo ndani, unaonyesha tu kiasi kilichozidi hewa ya nje. Kwa hiyo pauni 15 kwa inchi ya mraba za Tanga na pauni 15 za Ukerewe si kitu kimoja. Kule Tanga, mvuke safi kwenye 15 huwa na nyuzi joto 121, ambazo ndizo tunazozitaka. Hapa kwetu, mshale ukiwa kwenye 15 ile ile, mvuke huwa na nyuzi 119 hivi, na ili kuzifikia 121 mshale unapaswa kusoma 17.

Nyuzi mbili zinaonekana ni ndogo, lakini katika utakasaji kwa mvuke hesabu ya kawaida ni kwamba joto likishuka kwa nyuzi 10, muda unaohitajika huongezeka mara 10. Kwa nyuzi 2 huongezeka kama mara 1.6. Zile dakika 30 zako za vifaa vilivyofungwa zingehitaji kuwa karibu 48. Namba zilizoandikwa kwenye vijitabu vya mashine nyingi zimehesabiwa kwa mtu anayeishi usawa wa bahari, na nimekuta vituo kadhaa vinavyozifuata kwa uaminifu bila kujua hilo.

Usiipandishe, hata hivyo, kabla ya kusoma kibati kilicho ubavuni mwa mashine kinachoeleza mgandamizo wa juu unaoruhusiwa, na kabla ya kuhakikisha kwamba vali ya usalama inafanya kazi. Kama vali yako imewekwa ifunguke kwenye 15, usiiguse wala usiiwekee uzito. Acha mshale hapo hapo na ongeza muda hadi dakika 50. Kama mashine yako ina kipimajoto, kifuate hicho kuliko mshale, na dakika zihesabiwe tangu joto linapofika, si tangu jiko lilipowashwa.

Nimesema mvuke safi, na neno hilo nalisisitiza. Hewa ikibaki ndani, mshale utapanda lakini joto halitapanda nao. Kabla ya kufunga vali ya kutolea hewa, acha mvuke utoke kwa dakika kadhaa hadi uwe mkondo ulionyooka, usiokatika na usiotema matone.

Sasa tuje kwenye dramu yako, maana nina shaka nayo. Dramu za chuma zina matundu ubavuni yanayofunikwa na mkanda wa kuteleza. Je, matundu yale huwa yamefunguliwa wakati dramu inaingia? Nimewahi kufungua otoklevu katika kituo kimoja nikakuta mkanda umefunga matundu yote, vitambaa vimesheheni hadi mfuniko unasukumwa juu, na tepu ya nje imebadilika rangi kama kawaida. Tepu ile haikudanganya: ilikuwa nje, na nje kulikuwa na joto. Kazi yake ni kukuambia kwamba fungashio hili limepita kwenye joto, basi. Haijui kilichotokea katikati ya dramu. Matundu yafunguliwe wakati wa kuingiza, yafungwe mara tu dramu inapotoka. Afadhali zaidi, kila seti ifungwe peke yake kwa tabaka mbili za kitambaa cha pamba, mikasi ikiwa wazi na koleo zikiwa hazijabanwa meno, kwa sababu dramu moja ukiifungua kwa ajili ya mama mmoja umeshazifungua seti zote nne.

Kulowa kunasababishwa na kujaza kupita kiasi na kutoa haraka. Ukishazima, acha mgandamizo ushuke wenyewe hadi sifuri, legeza mfuniko kidogo, kisha acha vifaa humo kwa dakika 30 hivi vijikaushe kwa joto lao wenyewe. Usiviweke vya moto juu ya sakafu ya saruji au meza ya chuma, kwa kuwa mvuke uliobaki utageuka maji chini yake. Fungashio lililolowa lihesabiwe kuwa halijatakaswa, hata kama lilikaa saa nzima ndani, maana unyevu ni njia ya vijidudu kupita kutoka nje.

Mwisho, omba karatasi za kiashirio zinazowekwa katikati ya fungashio, ambazo hubadilika rangi mvuke unapozifikia ipasavyo. Kuna pia vichupa vyenye mbegu za bakteria aina ya Geobacillus stearothermophilus, ambazo ni sugu mno kwa mvuke: unakiweka kichupa katikati ya mzigo, kisha kinaoteshwa kwenye nyuzi joto 55 hadi 60, na kisipoota kitu unajua mzigo wako umetakasika kweli. Hicho kinahitaji maabara yenye kifaa cha kuoteshea, lakini hata mara moja kwa muda fulani kitakuambia ukweli ambao tepu haiwezi kuusema.

Tabibu wa Buchosa amejibu:

Naongeza kuhusu kuchemsha tu, kwa kuwa mengine yameelezwa vizuri. Kuchemsha kwa dakika 20, zikihesabiwa tangu maji yanapotokota na bila kuongeza kifaa kingine katikati, ni upukusaji wa kiwango cha juu. Huua bakteria wa kawaida na virusi, na hata hapa kwetu maji yakichemka kwenye nyuzi 96 bado unafaa. Hauui mbegu za bakteria, na miongoni mwa mbegu hizo zimo za pepopunda. Mkasi unaokata kitovu unaingia kwenye mishipa ya damu ya mtoto, kwa hiyo unatakiwa utakaswe kabisa. Spekulamu ya kukagulia mlango wa kizazi inagusa utando tu, hivyo ikiwa imeoshwa vizuri, kuchemsha kunaikidhi. Mkanda wa kupimia presha unagusa ngozi isiyo na kidonda, unatosha kufutwa kwa sabuni na maji au spiriti. Mgawanyo huo wa makundi matatu tumeurithi kutoka kwa Earle Spaulding wa Marekani, na unasaidia sana pale gesi inapokuwa chache: gesi iliyobaki itumike kwa mikasi na koleo, vingine vichemshwe kwa kuni au mkaa.

Ile pampu ya mpira ya kunyonyea ute wa watoto wachanga pia ikumbukwe. Inafunguka vipande viwili, nami nimeona ikioshwa kwa nje tu, ndani kukiwa na maziwa na ute wa siku tatu.

Mkunga wa Ukerewe amejibu:

Shikamoo Sista, na asanteni nyote. Nimerudi baada ya siku 12 kuwaeleza nilichokikuta.

Fundi, matundu ya dramu yalikuwa nusu wazi. Mkanda umepinda na hautelezi hadi mwisho, na hakuna aliyekuwa amelitambua hilo. Nilipata karatasi za kiashirio chache kutoka wilayani. Nilijaza dramu kama tulivyozoea, nikaweka karatasi moja juu na nyingine katikati ya vitambaa, nikaendesha kwa 15 na dakika 30. Ya juu ilibadilika yote. Ya katikati ilibadilika pembeni tu, katikati yake ikabaki na rangi ya awali. Niliwaita wenzangu wote wakaitazama kwa macho yao, na sikuhitaji kusema neno.

Tumeiacha dramu. Sasa tunafunga kila seti peke yake na kuingiza mbili mbili kwa dakika 50, kwa sababu kibati chetu hakituruhusu kuzidi 15. Karatasi ya katikati sasa hubadilika yote na vitambaa hutoka vikavu, ingawa gesi inakwisha mapema zaidi, na hilo nimeliandika kwenye ripoti ya mwezi. Mikasi mitatu tumeitoa. Dada wa Magu, tumekubaliana na mhudumu wetu kwamba hatapokea trei ambayo mkunga hajaitolea sindano mbele yake, na glovu nene tumemnunulia jozi mbili.

Limebaki jambo moja. Mvuke unavuja ubavuni mwa mfuniko, upande wa mshikio, na mshale unachukua muda mrefu kupanda. Kijana mmoja wa gati amejitolea kutukatia mpira wa kuzibia mfuniko kutoka kwenye tyubu ya tairi.

Fundi Vifaa Tiba, Nyamagana amejibu:

Usikubali mpira wa tyubu, dada mkunga. Haukutengenezwa kwa ajili ya joto hilo, utalainika na kuachia ghafla wakati mgandamizo uko juu na mtu akiwa amesimama karibu. Kwanza, otoklevu ikiwa imepoa kabisa, toa mpira uliopo, uoshe pamoja na mfereji wake kwa sabuni, ugeuze upande wa pili na ujaribu tena, kwa sababu wakati mwingine ni uchafu tu. Ukiendelea kuvuja, pima upana wa ndani wa mfuniko kwa utepe wa fundi cherehani, pima na unene wa mpira, unakili maandishi yote ya kwenye kibati pamoja na namba ya mashine, kisha uniandikie hapa. Nikiupata mjini nitautuma kwa boti ya Nansio, na hadi ufike, endesheni mzigo wa seti moja moja huku karatasi ya kiashirio ikiwemo kila mara.